Mishale ya Nyani Mzee

Ukimwona nyani mzee, husemwa, ujue amekwepa mishale mingi. Siku hizi msemo huu umehamia kwenye siasa na mpira. Hupewa mbunge aliyevuka chaguzi nyingi bila kuangushwa, au beki aliyecheza mpaka magoti yakagoma, na nyani mwenyewe amesahaulika. Lakini ukiurudisha porini, ukausikiliza kama dai linaloweza kupimwa, unakuta umebeba nadharia kamili: uzee ni hesabu ya hatari zilizopita pembeni. Aliyezeeka hakuwa na damu bora kuliko wenzake, alikoswa tu. Ni nadharia nzuri, na kwa sehemu kubwa ni ya kweli. Ila haisemi kitu kuhusu mishale iliyompata ikamwacha hai, wala kuhusu pori ambalo wapiga mishale wamepungua.

Kabla ya yote kuna tatizo la cheti cha kuzaliwa. Huwezi kumkuta sokwe mtini ukamkadiria umri kwa kumtazama usoni. Jane Goodall alipofika Gombe, Julai 1960, sokwe wa kwanza kumzoea alikuwa dume mwenye ndevu nyeupe kidevuni, akamwita David Greybeard, jina linalomfaa babu. Mwaka 2020 watafiti walipanga picha za nyuso za sokwe wa porini na wa kufugwa, wakakuta mvi huongezeka hadi utu uzima wa kati, kisha hutulia. Kuanzia hapo hazisemi tena umri wa sokwe. Njia ya uhakika ni moja tu: uwepo anapozaliwa, umpe jina, urudi kila mara mpaka siku atakapokosekana.

Kazi hiyo huchukua muda mrefu kuliko ajira ya mtafiti mmoja. Gombe imeandikwa tangu 1960, na Goodall alipofariki Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, madaftari yalikuwa bado yanaendelea. Gorila wa Karisoke, Rwanda, walianza kufuatiliwa na Dian Fossey mwaka 1967. Nyani wa Amboseli wameandikwa mfululizo tangu 1971, kima wa msitu wa Kakamega tangu 1979. Ng'ambo ya bahari kuna jamaa zao, muriki wa Brazili, aliowaanza Karen Strier mwaka 1982, na sifaka wa Beza Mahafaly, Madagaska, wa tangu 1984. Ongeza kapuchini wa Kosta Rika na unapata spishi saba. Wenye madaftari haya waliyaweka pamoja mwaka 2011, wakahesabu maisha ya wanyama karibu 3,000. Katika spishi hizo saba, nne ni majirani zetu kabisa, jambo ambalo sikumbuki kulisikia likisemwa darasani.

Walichotafuta ni kitu kinachochanganywa kila siku magazetini. Kufa ni jambo moja, kuzeeka ni jingine. Mwaka 1825 Benjamin Gompertz, mtaalamu wa hesabu za bima wa London, aliona kwamba baada ya ujana uwezekano wa mtu kufa ndani ya mwaka hauongezeki kwa kujumlisha. Huongezeka kwa kuzidisha. Kwa binadamu huwa maradufu kila baada ya miaka 8 hivi. Kasi ya kuzidisha huko ndiyo kipimo cha kuzeeka. Simba akimnasa nyani wa miaka sita, kundi limepoteza mmoja, lakini hakuna mwili uliochakaa. Kundi linaweza kufiwa sana na bado wake kwa waume wakazeeka taratibu. Jingine likafiwa kidogo huku miili ikiisha upesi. Asiyetenganisha mambo haya atasema Mtanzania wa leo anazeeka polepole kuliko babu yake kwa kuwa wastani wa kuishi umepanda. Kilichopanda zaidi ni idadi ya watoto wanaonusurika surua, kuhara na malaria.

Jibu la 2011 liliwashusha kidogo waliotaka binadamu awe wa pekee. Mchoro wa vifo vya sokwe, vya kima, vya sifaka na vya mtu una umbo moja: watoto wengi hufa, vijana wachache, kisha mstari unapanda. Sisi tuko mwisho wa safu, hatuko nje ya safu. Miaka kumi baadaye timu kubwa zaidi, Fernando Colchero akiwa mbele, ilirudia hesabu kwa makundi mengi zaidi ya porini na ya binadamu, ikakuta kwamba ndani ya jenasi moja kasi ya kuzeeka hubadilika kwa shida sana. Jamii moja ya sokwe ikiishi muda mrefu kuliko nyingine, tofauti hutoka hasa kwenye vifo vya utotoni na vile visivyochagua umri: chui, njaa, maradhi, anguko la mtini. Hapo msemo wetu unashinda. Mzee ni aliyekwepa.

Ila msemo hauulizi kwa nini kuna uzee wa kumsubiri aliyekwepa. Peter Medawar, mwaka 1952, alitoa jibu ambalo mpiga mishale angelielewa bila mkalimani. Kama wengi huuawa na ajali mapema, basi kasoro ya urithi inayoanza kudhuru uzeeni haina wa kuiondoa. Wachache ndio wanaofika umri wa kudhurika, na waliofika wameshazaa, wameshairithisha. Miaka mitano baadaye George Williams akaongeza ukali: jeni inayomfaa kijana itaenea hata kama ndiyo itakayomwangamiza mzee. Kwa maneno mengine, mwili hutunzwa kwa kadiri ya uwezekano wa kuwapo kesho. Mnyama anayewindwa sana hana faida ya kujikarabati kwa ajili ya miaka asiyoiona. Anayeishi juu ya miti, ndani ya kundi lenye macho mengi, anayo. Hii ni sehemu ya sababu ya ukoo mzima wa nyani kuishi muda mrefu kuliko wanyama wengine wanyonyeshao wa uzito wao, na mwaka 2014 ikapimwa sehemu nyingine: kwa siku moja hutumia karibu nusu tu ya nishati inayotumiwa na wanyama hao.

Mfano ninaoupenda uko kusini-magharibi mwa Madagaska. Sifaka wa Beza Mahafaly ana uzito wa kilo 3 hivi, na wapo waliopita miaka 30. Nyani jike wa Amboseli ana uzito mara nne ya huo na ni nadra kupita 25. Kanuni ya shuleni kwamba mkubwa huishi zaidi ya mdogo inavunjika hapa. Alison Richard na wenzake walieleza mwaka 2002 kwamba siri iko mawinguni. Mvua ya huko haitabiriki. Miaka mingine watoto wote wa msimu hufa, na mama hana namna ya kujua mwaka upi utakuwa wa heri. Jike anayezaa haraka na kuisha haraka anaweza kupoteza wote. Anayezaa mmoja mmoja, mwaka hadi mwaka, kwa muda mrefu, atakutana na miaka mizuri kadhaa njiani. Mishale ya pale huwalenga watoto kuliko mama zao, na mwili wa mama umejengwa kuvumilia.

Uvumilivu huo una kikomo, na kikomo kiko mdomoni. Upande wa mashariki wa kisiwa, kwenye msitu wa mvua wa Ranomafana, sifaka wa spishi nyingine wamechunguzwa meno. Mwanzoni meno ya magego yana makali ya kukata majani. Kufikia miaka 18 hivi makali yameisha, yamebaki mabapa. Majike hawa hawaachi kuzaa. Lakini mvua ikiwa haba katika miezi ya kunyonyesha, watoto wa mama wenye meno yaliyokwisha hufa, na wa mama vijana hupona. Mwaka wa mvua nzuri tofauti haionekani kabisa. Nimerudia kulisoma jambo hili mara nyingi kwa sababu linabadilisha swali. Tunauliza mnyama ana uzee kiasi gani, kana kwamba uzee ni kitu kilichojaa mwilini kama maji ndani ya mtungi. Huyu mama ni mzee mwaka wa kiangazi, na mwaka wa mvua si mzee.

Gombe uzee wa aina hiyo una jina, nalo ni Flo. Hakuna aliyejua alizaliwa lini. Goodall alipomwona mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa mama mtu mzima, pua kama tunguja, masikio yamechanika, na bado madume walimfuata kwa msururu. Meno yakaisha mpaka kwenye ufizi. Mwaka 1968 akazaa tena, mtoto Flame, ambaye hakudumu. Kaka wa huyo mtoto, Flint, hakuachishwa ziwa ipasavyo. Alilia, alipigana na mama yake, akaendelea kupanda mgongoni na kulala naye akiwa mkubwa. Flo alikufa mwaka 1972, na gazeti la Sunday Times la London likaandika taazia yake. Flint alikuwa na miaka 8, umri ambao sokwe anaweza kujitafutia chakula. Alidhoofika, akafa ndani ya wiki chache. Habari hii husimuliwa kama kisa cha mapenzi ya mama na mwana, na huenda ndivyo. Mimi naisoma pia kama habari ya uchakavu. Kumwachisha mtoto ziwa ni kazi ya nguvu. Inataka mama awe na mwili wa kukataa. Flo aliishiwa na nguvu za kukataa, na deni likalipwa na Flint.

Sasa mishale isiyoua. Chini ya Kilimanjaro, upande wa Kenya, mradi ulioanzishwa na Jeanne na Stuart Altmann umefuata nyani wa Amboseli kizazi baada ya kizazi. Nyani jike huzaliwa na cheo: hukaa kwenye safu chini tu ya mama yake, na kwa kawaida hubaki hapo maisha yote. Mwaka 2016 Jenny Tung, Elizabeth Archie, Jeanne Altmann na Susan Alberts waliwachukua majike 196 waliofika utu uzima, wakaangalia utoto wao. Waliangalia kama alizaliwa mwaka wa ukame, kama kundi lilikuwa limejaa mno, kama mama alikuwa wa cheo cha chini, kama mama huyo hakuwa na marafiki, kama alikufa kabla binti hajafika miaka 4, na kama mdogo wake alifuata haraka akamnyang'anya ziwa. Jike aliyepatwa na matatu au zaidi kati ya hayo alikufa miaka 10 mapema kuliko aliyepatwa na moja au asiyepatwa na lolote. Miaka 10, kwa mnyama ambaye 20 ni uzee!

Tuna methali yetu: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tunaipenda, maana inaahidi kwamba shida ina mtaala, kwamba aliyepigwa mapema atakuwa sugu. Ukame mkali wa Amboseli wa 2009 uliijaribu imani hiyo. Kama shida hufunza, majike waliozaliwa katika ukame wa zamani wangeuvumilia huu vizuri zaidi. Kinyume chake, uzazi wao ndio ulioporomoka zaidi, na waliozaliwa miaka ya neema ndio waliostahimili. Na hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilikwenda mbali zaidi: jike aliyefiwa na mama yake utotoni, hata awe amekua na kuzaa, watoto wake mwenyewe huwa hatarini zaidi kufa. Mshale ulimpata bibi, ukavuka mama, ukafika kwa mjukuu ambaye hakuwahi kumwona bibi huyo.

Ningeishia hapo ningekuwa nimeandika makala nyingine ya kusikitisha kuhusu utoto, na zipo nyingi. Lakini ukisafiri kutoka Amboseli hadi milima ya Virunga, hesabu ileile inatoa jibu jingine. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya gorila 253 wa Karisoke, waliopimwa kwa misukosuko inayofanana na ile ya nyani: kufiwa na mama au baba, kushuhudia watoto wakiuawa kundini, kundi kuvurugika. Waliokufa wachanga walikuwa wengi kadiri misukosuko ilivyokuwa mingi, kama ilivyotarajiwa. Ila aliyevuka miaka 6 hakuwa na maisha mafupi kuliko wenzake. Deni lilikuwa limefutwa.

Titus ndiye ushahidi wenye sura. Alizaliwa mwaka 1974. Mwaka 1978 majangili walimuua Uncle Bert, dume kiongozi wa kundi lao, na kundi likasambaratika. Mama yake na dada yake wakaondoka, mtoto akabaki na madume. Aliyemlea ni Beetsme, dume asiye na undugu naye. Kwa mizani ya Amboseli, Titus alikuwa mfu anayetembea. Alikua, akaongoza kundi kwa miaka mingi, akazaa sana, akafa mwaka 2009 akiwa na miaka 35, umri mkubwa kwa gorila dume.

Kwa nini yeye apone na nyani yatima asipone? Sababu moja iko chini ya miguu yao: gorila wa milimani hula majani, mashina na mbigili, vyakula vinavyoota karibu kila mahali na kila mwezi, kwa hiyo yatima hashindani na mtu kwa ajili ya sahani. Nyani wa mbuga hutafuta kila tonge, na cheo huamua nani ale kwanza. Sababu ya pili ni ya kijamii. Utafiti wa mwaka 2021 wa Karisoke ulionyesha kwamba gorila anapofiwa na mama, uhusiano wake na wengine kundini huimarika, hasa na dume kiongozi. Mtoto huenda kulala kando yake, huchezewa, hulindwa. Inawezekana pia kwamba walio dhaifu hufa kabla ya miaka 6, na tunaowapima ukubwani ni walioteuliwa tayari na mauti. Sitaki kulipuuza hilo. Hata hivyo halitoshi kueleza tofauti, kwa sababu nyani wa Amboseli nao walichujwa utotoni, na waliopita kwenye chujio bado walikatiwa miaka. Jeraha lilelile, wanyama wawili wa ukoo mmoja, na kinachoamua ni chakula na aliye karibu.

Madume wana mkasa wao. Katika spishi karibu zote za yale madaftari saba dume hufa mapema kuliko jike, na mara nyingi tunaambiwa ni homoni, kana kwamba neno hilo ni jibu. Mwaka 2021 watafiti wa Amboseli walisoma alama za kemikali zinazojibandika juu ya DNA kwenye damu, alama zinazobadilika kwa mpangilio kadiri umri unavyokwenda, wakalinganisha umri wa damu na umri wa kalenda. Dume wa cheo cha juu alionekana mzee kuliko miaka yake. Si kwamba wazee ndio wanaopanda: akipanda cheo, damu yake hukimbia mbele, akishuka, hupunguza mwendo. Nyani dume hukipata cheo kwa meno, hukilinda kwa meno, na kila siku lazima awepo. Cha ajabu, zile shida za utotoni zinazowakatia majike miaka 10 hazikuonekana kwenye saa hii ya damu. Mwili una zaidi ya daftari moja la madeni, na wanaouza vipimo vya umri wa kweli mitandaoni wangefaa kulisikia hilo.

Halafu wako muriki wa Caratinga. Madume wa nyani hawa wa Brazili hawana umbo kubwa kuliko majike, hawapigani kwa ajili ya jike, hukumbatiana wakining'inia kwa mikia, na huishi maisha yao yote kwenye kundi alimo mama yao. Kati ya spishi zile saba, wao pekee ndio ambao dume hakufa mapema kuliko jike. Sihitimishi kwamba amani hurefusha maisha ya kila dume. Spishi moja ni spishi moja. Lakini inatosha kuonyesha kwamba pengo la miaka kati ya mume na mke halikuandikwa kwenye jinsia yenyewe. Limeandikwa kwenye namna ya kugombea.

Urafiki nao umeandikwa mno, kwa sauti ya mahubiri. Kima wa Kakamega wanaufanya mjadala uwe mgumu kidogo, na nawashukuru. Mwaka 2018 ilichapishwa hesabu ya majike wa huko: kuwa na marafiki wa karibu hakukumlinda kila mtu. Jike mwenye uhusiano wa nguvu na marafiki walewale mwaka hadi mwaka alikuwa salama kuliko yule mwenye uhusiano wa nguvu na marafiki wanaobadilika. Huyu wa pili alikuwa hatarini hata kuliko wale wenye urafiki wa juu juu. Na kule Kanyawara, msitu wa Kibale, Uganda, miaka 20 ya kuwatazama madume wa sokwe ilionyesha wazee wakibakiza urafiki wa pande mbili na kuacha ule wa kumfuata asiyekujali. Wanasaikolojia walizoea kusema binadamu mzee huchagua marafiki kwa sababu anajua muda umebaki mchache. Hakuna ushahidi kwamba sokwe anahesabu miaka iliyobaki, na bado anachagua vivyo hivyo. Labda hata sisi tulikuwa tunachoka tu na makelele.

Msitu huohuo wa Kibale, mwendo wa kilomita 10 hivi kutoka Kanyawara, kuna Ngogo, na Ngogo inauweka msemo wa nyani mzee kwenye mtihani wake mkubwa. Hesabu za zamani, zilizojumlisha jamii kadhaa za sokwe Afrika, zilitoa wastani wa kuishi tangu kuzaliwa usiofika miaka 15. Ngogo, mwaka 2017, ilitoa karibu 33, sawa na jamii za watu wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya. Sokwe ni wa spishi ileile. Kinachotofautiana ni msitu wenye matunda mengi, chui kutokuwepo, kundi kubwa linalotisha majirani. Mishale imepungua, na wazee wamejitokeza. Kisha, mwaka 2023, Brian Wood na wenzake wakachapisha kilichowashangaza hata wao. Kati ya majike 185 waliofuatiliwa, hakuna aliyezaa baada ya miaka 50, lakini kadhaa waliendelea kuishi, na homoni kwenye mkojo wao zilibadilika kama za mwanamke aliyekoma hedhi. Jike aliyefika utu uzima Ngogo angeweza kutarajia kuishi karibu sehemu moja ya tano ya miaka yake ya ukubwani bila uwezo wa kuzaa.

Binadamu tulikuwa na maelezo yetu kwa jambo hili, na yalitoka jirani hapa. Kristen Hawkes na wenzake, wakiwatazama Wahadza karibu na Ziwa Eyasi, waliona vikongwe wakichimba mizizi kwa bidii na kuwalisha wajukuu, wakapendekeza kwamba mwanamke huishi baada ya uzazi kwa sababu bibi ana faida. Ni maelezo yanayotutendea wema. Yanampa bibi kazi, na sisi hatupendi mtu asiye na kazi. Lakini sokwe jike huhama kwao akiwa kigoli; binti zake nao huhama. Ajuza wa Ngogo anaishi mbali na watoto wa binti zake, na hana wa kumchimbia mizizi. Wapo wanaosema huacha kuzaa ili asishindane na majike vijana wanaozaa na wanawe. Wapo wanaosema mayai huisha tu yapatapo miaka 50 hivi, kwa sokwe na kwa mtu, na kwamba kwingineko hatukuwahi kuona kwa sababu hakuna aliyebaki hai kuonyesha. Mimi niko na hawa wa mwisho, angalau kwa sasa. Sioni kwa nini uzee uwe na sababu ya kuwapo. Chui akikosekana na tini zikiiva, ajuza anatokea, anakaa chini ya mti, anakula. Huo ndio mwisho wa maelezo, na simwoni kuwa pungufu.

Mshale mpya Ngogo ulikuja kwa njia ya pua. Mwishoni mwa 2016 na mwanzoni mwa 2017 kirusi cha mafua kinachotokana na binadamu kiliua sokwe 25 wa jamii ile, huku Kanyawara wakiugua kwa wakati mmoja kirusi tofauti, nacho cha binadamu. Kisha jamii ya Ngogo, iliyokuwa kubwa kupindukia, ikagawanyika, na nusu moja ikaanza kuua madume wa nusu nyingine. Siku moja mtu atachora upya mstari wa vifo wa Ngogo, na utakuwa umepanda. Akisema sokwe wa pale wameanza kuzeeka haraka, aulizwe kwanza ni wangapi kati ya waliokufa walikuwa vijana. Kikohozi na meno ya jirani haviulizi umri. Kama mstari umepanda kwa kiasi kilekile kwa wa miaka 15 na kwa wa miaka 45, basi miili ya Ngogo inazeeka kama ilivyokuwa ikizeeka mwaka 2016, na wa kuulizwa ni aliyepeleka mafua msituni.